Nguo Isiyozama

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vitambaa mjini Migori kutafuta pazia. Muuzaji alikuwa anamfungulia mteja mwingine jora jipya la kitambaa kile cha kuvutika, kile wanachoshonea nguo za michezo, na harufu yake ikanipiga usoni: mpira mpya, rangi, na kitu kidogo kama mafuta ya taa. Nilishika meza. Muuzaji akaniuliza kama sijanywa chai. Nikamwambia ni joto tu, nikatoka bila pazia.

Harufu hiyo ndiyo iliyojaa chumba chetu nilipokuwa na miaka tisa. Tulikaa Homa Bay, mimi, mama na mdogo wangu Boke, katika chumba kimoja cha mabati karibu na ziwa, ingawa sisi si watu wa ziwa. Mama alizaliwa Kegonga, kule juu kwa Wakuria, ambako maji ni ya kisima au ya kijito unachovuka kwa kukunja sketi. Baba alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Tanzania, asirudi wala kutuma neno. Ukoo wake ulipoanza kusema kwamba watoto ni wa boma, warudishwe bomani, mama alipakia cherehani yake kwenye lori la mahindi akateremka nayo mpaka mji ambako hakuna aliyemjua.

Majirani zetu walikuwa Wajaluo. Walimwita mama jamwa, yaani mtu wa kabila lingine. Hawakumwita hivyo kwa ubaya, ila hawakusahau kumwita hivyo. Ndani ya nyumba tulisema Kikuria kwa sauti ya chini. Kuanzia mlangoni kwenda nje, Kiswahili. Mama aliogopa ziwa kuliko alivyoogopa nyoka. Hata maji ya kuoga alinunua kwa watu wa mkokoteni, na sisi alitukataza kuvuka barabara inayoshuka ufukweni.

Mwalimu Ouma alikuja kwetu akiwa amevaa kaptula, na kwa sababu hiyo mama hakumkaribisha ndani. Alikuwa kijana bado, mwembamba, sauti yake ya taratibu. Alikuwa amefanya kazi Pwani, mlinzi wa bwawa la kuogelea katika hoteli, kutwa akiwachunga majini watoto wa wageni. Aliporudi nyumbani akakuta watoto wa kwao wanazama na hakuna wa kuwachunga. Basi alifunga kamba kutoka jiwe hadi jiwe pale maji yanapokuwa ya kiunoni, akaining'iniza mitungi ya plastiki ya njano, na kila Jumamosi mchana akawafundisha bure watoto wa wavuvi, wa akina mama wanaosafisha samaki na wa wapakiaji mchanga. Wahisani fulani walimsaidia hiki na kile. Watu waliita kazi ile "mradi", naye wakamwita mwalimu.

"Wavulana ninao," alimwambia mama pale mlangoni. "Wasichana ndio hawaji. Mama zao wanakataa waingie majini na chupi, na mimi siwalaumu. Lakini Mama Gati, si wasichana ndio wanatumwa maji? Si ndio wanaosafisha vyombo pale kwa mawe?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nimetumiwa kitambaa. Sina fundi."

Mama aliitazama kaptula yake mara moja zaidi. Kisha akasema, "Kilete nikione."

Lilikuwa jora zima, rangi ya chungwa inayowaka kama jua la asubuhi. Mwalimu alitaka rangi hiyo makusudi, ili amwone mtoto hata akiwa mbali. Mama alikunja uso, akakivuta huku na huku, akakinusa, akaanza kukata. Alishona nguo za mikono mirefu na miguu inayofika magotini, ili mama yeyote, wa kanisa lolote, akose la kusema. Hakudai chochote. Mchana alishona sare za shule tulizokulia. Jioni, miguu ikiwa imevimba, alishona za mradi. Majirani walianza kumletea uji na samaki wadogo waliokaushwa. Wakaacha kumwita jamwa. Sasa alikuwa Min Gati, mama yake Gati, na Gati ni mimi. Nadhani huo ndio muda pekee niliomwona mama akicheka na watu wazima wenzake.

Akina mama walipoleta mabinti kupimwa, wengine walisitasita. Mama aliwashika mikono na kuwaambia maneno yale yale kila mara: "Mvishe hii, mama. Mtoto hatazama. Mwalimu atamwona hata akienda mbali."

Mimi nilikuwa chini ya meza nikiokota pini. Nilisikia "mvishe hii, mtoto hatazama." Yaliyofuata sikuyatia maanani. Na kwa nini nisiamini? Kabla ya nguo zile hakuna msichana aliyeogelea. Nguo zilipokuja, wakaogelea. Jumamosi tukitoka kanisani tulipita barabara ya juu, nami niliwaona kwa macho yangu, wasichana wamelala chali juu ya maji kama maboga, mikono wameinyoosha, hawafanyi kitu, na maji yanawabeba. Walikuwemo wengine ambao darasani walishindwa hata kujumlisha. Mtu hawezi kujifunza jambo kubwa namna ile kwa Jumamosi mbili. Ni nguo.

Sisi hatukwenda kwa sababu tulikuwa Waadventista, na Jumamosi ni Sabato. Nililia sana juu ya jambo hilo. Mwalimu Ouma aliposikia alimwambia mama, "Hawa wawili nitawafundisha Jumatano jioni, peke yao. Haina shida."

"Baadaye," mama alisema, pini zikiwa mdomoni. "Nikimaliza hizi za watu kwanza."

Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu na nimeshindwa. Lakini neno hilo "baadaye" nimelichukia maisha yangu yote, na watoto ninaowafundisha shuleni wanajua kwamba ukiniambia "baadaye, ticha" utapata taabu.

Zilikuwa siku za likizo. Mama alikwenda sokoni Rodi Kopany na gunia la sare, akatuachia chakula kwenye sufuria na amri tusitoke. Juu ya meza ya cherehani aliacha nguo moja ya chungwa iliyobaki kidogo kuisha. Ilikuwa ya msichana anayeitwa Apiyo, ambaye mama yake alisafisha samaki. Tulimjua kwa sababu alicheka mpaka akaketi sakafuni futi ya kupimia ilipomgusa kwapani. Jumamosi iliyofuata ndiyo ingekuwa ya kwanza kwake. Mwili wa nguo ulikuwa umekwisha kushonwa kwa mashine, ila pindo la miguu mama alikuwa amelishikiza tu kwa uzi mweupe wa mkono, ule wa bandi, unaotolewa baadaye.

Mimi ilinikataa mabegani. Boke alikuwa na miaka sita, mashavu na tumbo la duara, na Apiyo alikuwa mwembamba, kwa hiyo ilimwingia kwa kusukumana.

"Dada, inabana."

"Ndivyo inavyokushika," nilimwambia. "Isipobana haifanyi kazi."

Tulivuka barabara mimi na gauni langu, yeye na rangi ile inayowaka. Kamba ya Mwalimu haikuwepo; siku za kazi aliitoa ili mitumbwi ipite. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na juu yake povu la sabuni la akina mama waliokuwa wakifua mbali kidogo. Boke alishika mkono wangu mpaka maji yakamfika magotini, kisha akauachia mwenyewe. Alikuwa anafurahi. Alitembea mpaka kifuani, akageuka.

"Sasa?"

"Sasa lala."

Akalala. Hakuniuliza mara ya pili, maana mimi ndiye niliyekuwa dada.

Mnaonisoma, wengi wenu ni wa rika langu na mna watoto, na najua mnachotaka kuniuliza. Hapana, sikupiga kelele. Nilisubiri. Niliiona rangi ya chungwa chini ya maji ikigeuka njano, kisha kahawia, nikafikiri nguo inachelewa. Nilifikiri pengine ni kwa sababu haijaisha pindo. Nilisimama pale maji yakiwa magotini mwangu, nikiingoja nguo ifanye kazi yake, na muda huo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisugua sufuria aliinua kichwa.

"Wewe msichana! Yule mdogo ako wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Akaitupa sufuria na kupiga yowe, na wanaume wa mchanga wakaja mbio.

Walimlaza kwenye mawe. Walimminya tumbo, wakambeba kichwa chini, wakafanya kila walichojua, na hakuna kati yao aliyejua kinachofaa. Aliyejua alikuwa Mwalimu Ouma, na siku hiyo alikuwa kazini kwake upande wa pili wa mji. Watu walijaa. Sauti moja ikasema, "Hii si nguo ya mradi? Huyu ni mtoto wa Ouma." Ikapita mdomo hadi mdomo, na ilipomfikia chifu ilikuwa imeshakuwa habari kamili. Chifu alichuchumaa mbele yangu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mlikuwa mnafundishwa kuogelea? Ile kazi ya Ouma?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuelewa swali, kwamba nilisikia neno "kuogelea" nikajibu hilo tu. Nililielewa vizuri. Niliona limetolewa jina la mtu mwingine badala ya langu, nikajificha nyuma yake.

Mama aliletwa kutoka stendi akiwa bado na gunia begani. Hakulia. Alipiga magoti, na kabla hajamgusa Boke usoni, mkono wake ulikwenda kwenye pindo la mguu, kama mkono wa fundi unavyokwenda wenyewe. Ukaukuta ule uzi mweupe. Nguo za Mwalimu hazikutoka nyumbani kwetu zikiwa na uzi huo hata mara moja. Mama akaniangalia. Kisha akaushika ncha, akauvuta taratibu mpaka ukatoka wote, akaufungia kwenye ngumi yake. Hapo ndipo akalia, na wanawake wakamshika.

Mwalimu Ouma alikamatwa jioni hiyo, akakaa ndani siku mbili. Vijana waliichoma kamba yake na mitungi yake pale pale ufukweni, moshi mweusi ukaingia mpaka chumbani kwetu. Chifu akatangaza kwamba ni marufuku mtu yeyote kukusanya watoto majini. Nilingoja Mwalimu aseme ukweli. Kila siku niliamka nikiwa tayari kusikia kwamba amesema: yule mtoto hakuwa wangu, hajawahi kuwa wangu, Waadventista hawaji Jumamosi, ulizeni. Hakusema. Alitoka, akafunga vitu vyake, akaondoka Homa Bay bila kumjibu mtu. Na mimi, kwa akili ya mtoto, nikaanza kuuelewa ukimya wake kama watu wote walivyouelewa: asiyejitetea ana kosa. Baada ya muda niliweza hata kumwona pale ufukweni siku ile, amesimama kando na kaptula yake, anatazama tu. Nilimwona wazi kabisa. Nililala vizuri kwa sababu ya picha hiyo.

Tulimzika Boke Kegonga. Ukoo wa baba ulikuja, ukamlaani mwalimu wa ziwani, ukaniacha nirudi na mama.

Nguo za chungwa zilirudi moja moja. Akina mama walizitupa mlangoni petu bila salamu, na mama alizikata akatengeneza vitambaa vya kusugulia sufuria. Tukawa jamwa tena. Mvua mbili zilipita, na siku moja tukasikia yowe kutoka upande wa mawe. Alikuwa Apiyo. Alikuwa ametumwa maji, akateleza. Wasichana waliokuwa naye walisema alipiga mikono kidogo tu.

Mama hakwenda matangani. Aliketi kwenye cherehani, akakanyaga miguu mchana kutwa, na nilipomletea chai niliona hakuna kitambaa chini ya sindano. Nilisimama na kikombe. Nilitaka aniambie kitu, hata anipige. Alichosema ni, "Weka hapo." Hatukuzungumza juu ya jambo hilo siku hiyo, wala nilipokwenda chuo, wala nilipoolewa, wala alipougua. Aliugua muda mrefu, na nilimlisha kwa mkono wangu, na mara nyingi tulibaki wawili tu chumbani. Alikufa mwaka jana. Sikupata neno hata moja.

Baada ya mazishi niliuliza huku na huku mpaka nikaambiwa kwamba Ouma yuko Uriri, anaendesha mashine ya kusaga mahindi. Nilimkuta mlangoni, unga kwenye nyusi, mzee kuliko umri wake. Nilijitambulisha. Alizima mashine, na kelele ilipokwisha nilimwambia yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetapika.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mama yako alikuja asubuhi waliponitoa, kabla hawajasafirisha mwili. Alinionyesha ule uzi. Akapiga magoti, Gati. Mwanamke ambaye mtoto wake ako mochari. Akaniambia, ukisema, ukoo utamchukua huyu aliyebaki, na huko ataitwa muuaji wa ndugu yake mpaka azeeke. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli wenyewe ulikuwa mtoto wa miaka tisa." Alipangusa mikono kwenye suruali, ikazidi kuwa nyeupe. "Nilifikiri ni mimi tu nitaumia. Nilijiona mtu mzuri sana siku ile. Halafu nikasikia ya yule wa mwenye kusafisha samaki. Na baadaye mwingine. Wewe nilikusamehe zamani, ulikuwa mtoto. Mama yako pia. Mimi mwenyewe ndiye sijajua nijifanyie nini."

Nilimwambia kwamba Homa Bay kuna mradi mpya wa kufundisha watoto kuogelea, kwamba wameniandikia niwe mmoja wa wanaousaidia, na kwamba nimekuja kumwomba twende pamoja. Nitasema mbele ya watu wote. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Niliwahi kurudi mara moja. Nilishuka tu kunawa uso. Mama mmoja aliniona, akamwita mtoto wake atoke kwa maji." Aligeukia mashine yake. "Nenda wewe. Mimi niko na wateja."

Nikaenda peke yangu. Mkutano ulikuwa katika darasa la shule ya msingi, akina mama vijana kwenye madawati, watoto mapajani, na mwenyekiti, msichana mchangamfu mwenye fulana ya mradi. Nilipopewa nafasi nilisimama, nikaeleza kila kitu: nguo, uzi, chifu, kichwa changu kilichosema ndiyo, mama yangu, Apiyo. Nilitaja jina la Ouma mara tatu. Nilipomaliza, mwanamke mmoja aliyekaa mbele akamuuliza jirani yake, "Ouma gani?" Jirani akainua mabega. Nilitazama darasa zima, dawati kwa dawati. Hakuna aliyemkumbuka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mawe hata. Sikuwa nimejiandaa kwa nyuso zile za upole, zinazomwonea huruma dada wa watu aliyefiwa.

Mwenyekiti alinishika mkono, akanishukuru kwa ujasiri wangu. Kisha akawageukia akina mama, kwa sababu aliona baadhi yao wamewakumbatia watoto wao zaidi.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Lakini msiwe na wasiwasi. Sisi si ule mradi uliozamisha mtoto."

Wakapumua. Mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Nilikuwa nimeshakaa. Nikasimama tena, nikaomba kusema.